Programu Niliyomchagulia Shangazi

Programu zilikuwa mbili, na nilijua ipi ilimfaa shangazi yangu kabla hata hajamaliza kuniambia anachotaka. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu akikosea kwa kutojua, ana pa kujitetea. Mimi nilijua.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Shangazi, dada mkubwa wa baba, analima mpunga na ndizi kule Wema, na ndiye katibu wa kamati ya malka. Malka ni njia inayoachwa katikati ya mashamba ili ng'ombe wa wafugaji wafike mtoni kunywa maji bila kula jasho la mtu. Sisi tuna tatu. Kila kiangazi kamati hukaa na wafugaji, wakakubaliana ipi iko wazi na ipi imefungwa, kisha mtu hutumwa kwenda kuwaambia walioko mbali. Mara nyingi mtu huyo alifika ng'ombe wakiwa wameshafika kabla yake. Mwaka huo Shangazi akasimama kwenye kikao akasema kila mchungaji siku hizi ana simu, tufungue tovuti, tuache kuchosha watu miguu. Wazee wakauliza nani ataiangalia. Akasema, "Mimi. Ikikosea, niulizeni mimi."

Kesho yake akaja nyumbani kwetu Minjila, simu yake ameifunga kwenye karatasi ya nailoni kama samaki.

"Wewe mwana, si ndiye unajifanya injinia wa kompyuta?"

"Sijifanyi, Shangazi. Ni kipaji."

"Haya, kipaji. Nataka ukurasa mmoja tu. Malka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hii wazi, hii imefungwa. Nataka kuibadilisha mwenyewe nikiwa shambani, mkono huu nimeshika kisu cha kuvunia, mkono huu simu. Yawezekana?"

"Yawezekana."

"Na usiniletee kitu cha kuwaringia wenzako."

Nikaapa kwamba sitamletea.

Kati ya zile programu mbili za kutengenezea tovuti, ya kwanza ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili yake hasa. Inafanya kazi ndani ya simu yenyewe, ni ya bure, unaandika kama unavyoandika ujumbe kwenye kikundi cha harusi, unabonyeza, kwisha. Ila sura yake ilikuwa nyeupe tupu kama shuka la hospitali. Ya pili ilikuwa na rangi, vijisanduku vya kuburuta huku na kule, na picha zinazotembea. Lakini ukitaka kubadilisha hata nukta moja lazima uwe kwenye kompyuta. Ukijaribu kwa simu inakuonyesha kidirisha kinachokuambia kwa adabu uende ukatafute mashine.

Nikamwonyesha ya kwanza kwa nusu dakika, nikiwa nimekunja pua. "Hii ni ya watoto wa nasari, Shangazi. Watu wakiifungua watadhani ni tangazo la mazishi."

Akacheka. "Na hii nyingine?"

"Hii ndiyo wanayotumia watu wakubwa."

"Ni ngumu?"

"Ukishaizoea, hata kidogo." Ndivyo nilivyosema. Sikusema kwamba hataizoea, kwa sababu kompyuta iliyo karibu zaidi na nyumbani kwake iko Garsen, mwendo wa bodaboda na vumbi la kutosha kujenga chumba.

Kwa nini nilifanya hivyo? Kwanza, nilitaka ukurasa wenye picha ya ng'ombe anayetembea. Pili, na hili sikulikiri hata moyoni, katika ukoo wetu mimi huitwa kwa mambo mawili tu: kubeba maji na kuulizwa nani amemaliza sukari. Nilitaka kuitwa kwa jambo la tatu. Programu ambayo Shangazi angeiweza peke yake ingenifanya nirudi kwenye maji na sukari.

Nikakaa siku mbili pale Garsen kwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi. Ng'ombe akatoka mzuri, ninasema ukweli. Malka ikiwa wazi anatembea akitikisa mkia. Ikifungwa anaketi na kufunika uso kwa kwato. Watu wa saiba waliacha kazi zao wakaja kumtazama. Ilipofika sehemu ya pasiwadi, nikiwa nimelewa sifa, nikaandika maneno haya yote pamoja bila nafasi: shangazianakoromakamajenereta. Nikaweka na laini yangu ya simu, ili hata mtu akisahau pasiwadi, ujumbe wa kuibadilisha uje kwangu.

Shangazi alipomwona yule ng'ombe alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Na nikitaka kubadilisha?"

"Unaenda saiba, unaweka pasiwadi."

"Ipi?"

"Nitakuandikia kwenye karatasi."

Sikuandika. Kila siku nilisema kesho, nikipanga kwanza kuibadilisha iwe kitu cha heshima, na kila siku kulikuwa na mpira. Shule ikafunguliwa. Nikarudi bwenini, huko upande wa juu wa mto, ambako mwanafunzi akikutwa na simu anarudishwa kwao. Yangu ikabaki imezimwa ndani ya sanduku la mama.

Wiki ya tano, mwalimu wa zamu akaniita nje ya ofisi ya walimu, ameshika simu yake kwa vidole viwili kama anashika panya.

"Shangazi yako. Anasema ni dharura. Dakika mbili, na uongee mbele yangu."

Sauti ya Shangazi ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "Mwanangu, niko saiba hapa Garsen. Mto umemega ukingo kule malka ya tatu. Njia imeingia majini. Ng'ombe wakipita hapo sasa watapita katikati ya mpunga wa bibi, na bado hajavuna. Tumeifunga. Niliokuwa na namba zao nimewapigia wote, lakini kuna watu wanashuka na mifugo kutoka pande za Nanighi, siwajui, wanasoma ile tovuti tu. Nipe pasiwadi."

Bibi aliyemtaja ni jirani yake, mjane, shamba lake ni kipande kimoja tu kando ya malka.

Mwalimu alikuwa ananitazama. Nyuma yake walimu wengine wawili walikuwa wanakunywa chai na masikio yao yote yako kwangu. Nikayapanga yale maneno kichwani, nikajaribu kuyatoa. Kukoroma. Jenereta. Kumtamkia shangazi yangu herufi moja moja, naye akiandika.

"Nimesahau, Shangazi."

"Umesahau?"

"Nimesahau kabisa."

Nilisikia kijana wa saiba nyuma yake akimwambia, "Mama, hapa inasema itatuma ujumbe kwenye laini ya mwenyewe." Kisha Shangazi akasema, kwa upole ambao ningefurahi kama angenitukana badala yake, "Haya mwanangu, soma. Ukikumbuka mwambie mwalimu anipigie."

Nilikuwa na mchana mzima wa kukumbuka. Ningeweza kumwomba mwalimu nimtumie kwa maandishi. Ningeweza hata kumwambia mama afungue sanduku. Nilichofanya ni kwenda bwenini nikawasimulia wenzangu jinsi nilivyoponea chupuchupu, na jinsi sura ya mwalimu ingekuwa kama ningeitaja ile pasiwadi. Wakacheka mpaka mmoja akaanguka kitandani. Nilijiambia Shangazi atatafuta njia. Yeye siku zote hutafuta njia.

Likizo fupi ilipofika, mama alinipokea stendi akaniambia tukiwa bado hatujavuka barabara: "Ukienda kwa shangazi yako, usitaje mambo ya tovuti."

Ng'ombe walikuwa wamepita siku mbili baada ya ile simu. Mwenye mifugo alikuwa mzee mfugaji aliyetembea na wanawe kutoka mbali, na kila walipopumzika walifungua simu wakamwona ng'ombe wangu anatikisa mkia. Malka ya tatu, wazi. Wakaja moja kwa moja. Mpunga wa bibi ulioliwa uliliwa, na uliobaki ukalala kwenye tope umekanyagwa. Vijana wa kijijini walishika fimbo, vijana wa ng'ombe nao wakashika zao, na waliosimama katikati ni Shangazi na yule mzee, kila mmoja akiwafukuza wa kwake.

Kikao kilikuwa Jumamosi, na mimi nikaenda. Watu walikaa kwenye mikeka nje ya zahanati. Yule mzee mfugaji alisalimia wote, akatoa simu yake akaipitisha mkono hadi mkono.

"Mimi sikuja kwa ubishi," akasema. "Mliniambia nisome hapa. Nimesoma. Hata leo, tazameni, inasema wazi."

Ng'ombe akafika mikononi mwa bibi mwenye shamba. Akamtazama anavyotembea, mkia huku, mkia kule. Akampitisha kwa aliyefuata.

Shangazi akainuka. "Mzee hana kosa. Nilisema ikikosea niulizwe mimi. Mambo ya kompyuta yamenishinda. Nilidhani nitaweza, kumbe kichwa changu hakifiki huko. Kwa hiyo ukatibu naurudisha, mpeni mwingine."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Tulisema."

Hapo ndipo niliposimama. Nikasema kichwa cha Shangazi kinafika. Nikasema kulikuwa na programu ya simu ambayo angeiweza tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyemkatisha tamaa nayo kwa sababu haikuwa na mapambo. Nikasema pasiwadi sikuisahau. Mwenyekiti akauliza, "Basi kwa nini hukumpa?" Nikaitaja. Yote.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisema kitu cha kuchekesha mbele ya watu wengi nikaomba Mungu asicheke mtu. Wawili watatu walicheka, wakaacha. Yule mzee mfugaji alitazama mkeka. Shangazi hakunitazama kabisa. Alikuwa anakunja pembe ya leso yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Ukatibu hawakuupokea. Mwenyekiti alisema abaki nao, na mimi siku zote za likizo niende shamba la bibi nikatenganishe mpunga unaofaa na tope. Nilienda. Bibi alinionyesha pa kuanzia kwa kidole, na ndiyo mazungumzo yote tuliyofanya kwa siku tatu.

Siku ya nne Shangazi akaja na simu yake, akaketi kwenye tuta.

"Nieleze zile mbili. Sasa nieleze vizuri."

Nikamweleza bila kukunja pua. Ya kompyuta, uzuri wake na ubaya wake. Ya simu, uzuri wake na ubaya wake pia: picha haitembei, rangi ni moja, na chini yake hutokea tangazo la biashara ambalo huwezi kuliondoa.

"Mtandao ukiwa mdogo?"

"Hii ya simu inafunguka. Ile nyingine inasuasua."

"Wewe usipokuwepo?"

"Hii hainihitaji."

"Basi hii."

Alitaka kuifungua mwenyewe. Nilikaa mikono magotini nikimtajia pa kubonyeza, na alipofika kwenye pasiwadi akageuza simu upande wa mtoni. Nilitazama kwingine kabla hajaniambia. Kisha akaandika taratibu, kidole kimoja, mistari mitatu. Malka ya kwanza, wazi. Ya pili, wazi. Kwenye ya tatu nilikuwa tayari kumwonyesha herufi za neno imefungwa, lakini hapo pia akaandika wazi.

"Shangazi, si mmeifunga?"

Akatazama lile tope nililokuwa nimelichambua, na kile kirundo kidogo cha mpunga kwenye turubai.

"Tuliifunga kuulinda mpunga. Umebaki upi shambani?" akasema, akabonyeza.