Maswali ya Jumapili

Wakonyo na Theuri walikuwa wamekaa pamoja msimu mmoja tu wa mahindi huko Giakanja, hawajazoeana hata kutaniana, ndipo kikohozi kilipomchukua Theuri na kumlaza katika wadi ya kifua kikuu mjini Nyeri. Huo ulikuwa mwaka wa tatu wa uhuru. Mtoto alizaliwa baba yake akiwa huko huko, akapewa jina la babu yake mzaa baba, Gatimu, kama desturi inavyotaka. Watoto hawakuruhusiwa wadini. Theuri alikuwa bado hajamtia machoni.

Kila Jumapili Wakonyo alimwacha mtoto kwa mama mkwe, akashuka mjini na kikapu cha viazi vya kuchemsha. Akifika anasalimia, anasalimiwa, basi. Theuri anageukia ukuta. Chakula hagusi. Sindano nayo, akipata mwanya wa kujificha chooni, anajificha.

"Mama Gatimu, zungumza na mzee wako," Sista Monicah, muuguzi wa wadi, alimwambia mlangoni. "Akiacha sindano katikati, huu ugonjwa utarudi na hasira. Hapo hatutamweza tena."

Azungumze nini? Hakuwa amelelewa kupiga soga na mume mbele ya wadi nzima ya wanaume.

Jumapili moja alipitia mtaa wa Majengo akanunua mandazi kwa Mwanabibi, na Mwanabibi akayafunga kwa ukurasa wa gazeti la juma hilo. Wakonyo alipoyafungua pale kitandani akaona, karibu na doa la mafuta, maswali ya kujipima maarifa, majibu wiki ijayo. Kimya kilikuwa kimemchosha. Akaanza kusoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, kama alivyofundishwa darasani.

"Nyuki ana miguu mingapi?"

"Mimi nafuga nyuki tangu ujana," mzee Gicheru wa kitanda cha dirishani akajibu, "lakini miguu niliyoitegemea ni yangu, ya kukimbia."

Watu wakacheka. Wakonyo akapata moyo. "Ni mlima gani mrefu kuliko yote katika Afrika?"

"Hilo nalo ni swali?" Gicheru akajiinua kwa kiwiko. "Si ule pale nje! Andika Kirinyaga, huo wanaouita Mlima Kenya, binti yangu."

"Ni Kilimanjaro, wazee," akasema Abdulatif, fundi cherehani wa Majengo, kitanda cha pili.

"Ati nini? Wewe Abdulatif, maji ya mlima wetu unakunywa kila siku, halafu unausengenya hivyo?"

Ndipo sauti ikatoka upande wa ukuta, imekauka kama ganda la mahindi. "Andika Kirinyaga."

Wakonyo aliandika pembeni mwa ukurasa. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimsikia mumewe akitaka kitu.

Juma lililofuata Mwanabibi alikuwa amemwekea ukurasa mpya. Wadi nzima ilimngoja. Akasoma jibu kwa sauti ndogo, kama anayeleta habari za msiba: Kilimanjaro.

Theuri akageuka mzima mzima. "Nani aliupima? Alipanda na kamba?"

"Wa Tanganyika hao, walianza kupimia ndani ya shimo," Gicheru akasema.

Abdulatif alitafuna andazi lake polepole, ametulia kama bwana harusi. Theuri alimtazama akaanza kucheka, akacheka hadi kikohozi kikamkamata, na Wakonyo akashika chuma cha kitanda kwa hofu. Kilipopita, Theuri alijipangusa macho.

"Lete kiazi. Na ya leo yanasemaje?"

Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Mengi waliyakosa. Lakini Wakonyo alijua sasa kwamba mumewe akifikiri huvuta sikio, na Theuri akajua kwamba mkewe akicheka huziba mdomo kwa ncha ya leso.

Kisha daktari akaongeza miezi ya kulazwa. Wakonyo alifika akamkuta Theuri ameketi kitandani, anafunga kamba za viatu.

"Naenda. Kama ni kufa, nikafie kwangu."

Wakonyo akafungua ukurasa haraka. Juma hilo hapakuwa na swali hata moja, ni matangazo ya sabuni tu. Akaugeuza, huko nako hakuna. Kiatu kimoja kilikuwa kimeshafungwa. Akaweka kidole juu ya ile sabuni, akasoma:

"Swali la kwanza. Gatimu wa Theuri ana meno mangapi?"

Mikono ya Theuri ikasimama. "Hilo halijaandikwa hapo."

"Wewe jibu."

"Mawili."

"Umekosa. Ni manne. Ya juu yameota juzi, na ameshaniuma."

"Baba mzima, hata la nyumbani kwako unakosa!" Abdulatif akamtania.

"La pili. Akilia, hunyamazishwa na nini?"

"Titi!" Gicheru akapaza sauti.

"Hapana, mzee. Ni ng'ombe wa Theuri. Nampeleka zizini, akimsikia ng'ombe anacheua, ananyamaza."

Theuri alitabasamu akitazama sakafu.

"La tatu. Anafanana na nani?"

"Na baba yangu," Theuri akasema upesi, kisha akasita. "Au sivyo?"

Wakonyo akakunja gazeti. "Jibu sina. Mama yako ana lake, mama yangu ana lake. Ni la wewe kuja kujionea. Lakini ukija na hicho kikohozi, Baba Gatimu, sitakupa umshike."

Hakuwa amewahi kumwambia hivyo. Masikio yakamwaka moto.

Sista Monicah akaingia na sinia ya sindano, akielekea dirishani kama kawaida. Theuri akavua kile kiatu, akakisukuma chini ya kitanda kwa kisigino, akalala kifudifudi.

"Sista," akaita, "leo anza na mimi."

Wakonyo akageuza uso kando, kwa adabu.