Mwanakombo na Uvimbe Aliotaka Kuushindisha Njaa

Mitumba ilipojaa mjini miaka ya tisini, wateja wa magauni walimkimbia Mwanakombo, fundi cherehani, akabaki barazani kwake Temeke akipunguza suruali za watu viuno. Hilo alilizoea. Lililomkosesha usingizi ni uvimbe kwenye titi la kushoto, ambao kwa muda mrefu alimficha hata mumewe, Sadallah, akiukanda kwa dawa za mizizi.

Alipokwenda hospitali hatimaye, walikata kinyama wakakipima. Daktari Revelian alimweleza taratibu.

"Ni saratani, mama. Na kinyama chenyewe kimejaa vimishipa vya damu."

"Damu si ndio uhai, daktari?"

"Hapa ni uhai wa uvimbe. Umejiotesha mishipa yake, unakula kupitia damu yako. Wenye mishipa mingi hivi mara nyingi hukua upesi na kusambaa. Si lazima iwe hivyo kwako, lakini nina hofu. Tuukate mapema."

Mwanakombo alirudi nyumbani na neno moja tu: unakula. Basi ataushindisha njaa. Akamwambia Sadallah analipa funga za Ramadhani. Magharibi alikunywa chai kavu, chakula akakisukumia pembeni. Alikonda, macho yakaingia ndani, mpaka siku moja akaanguka kwenye cherehani. Munira, mdogo wake, alipomvua gauni alishika mdomo: mbavu zilihesabika, na uvimbe ulikuwa umezidi.

"Dada, unajiua!"

"Nauua wenyewe, Munira. Mie nifanyeje?"

Wakarudi kwa Revelian. Munira akamweleza daktari habari ya ile njaa.

"Mama, ukijinyima, unayekonda ni wewe. Wenyewe unajichukulia chake."

"Hakuna dawa ya kuikausha hiyo mishipa?"

"Wataalamu wanaitafuta huko Ulaya na Marekani. Bado wanajaribu. Sisi hapa tuna kisu."

Titi likakatwa. Kwa muda alipata nafuu, akarudi hata kwenye suruali zake. Kisha kikaja kikohozi, na picha ikaonyesha mapafu yameshaingiliwa.

Sadallah alimpikia uji mwenyewe, akamnywesha. Mwanakombo aliunywa huku machozi yakimtoka, kwani kila kijiko alijua anagawana.

"Kunywa, mke wangu."

"Nakunywa. Lakini unamlisha nani, Sadallah?"

Mumewe alichota kijiko kingine.

Mwanakombo alifariki asubuhi moja ya Jumanne, Munira akiwa anamsuka, upande mmoja wa kichwa bado haujaguswa.