Plastiki Niliyomtandikia Mama Mkwe

Mkasa huu nimeukwepa miaka mingi, lakini wenzangu wa Bunda wanaoujua nusu wameutia chumvi mpaka nikiusikia naona kama wanamsema mtu mwingine, kwa hiyo bora niutoe mwenyewe, na atakayecheka acheke kilichotokea kweli.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa dereva wa pikapu ya kijiji chetu, nje kidogo ya Bunda. Asubuhi moja ya masika kondakta wa basi lililotoka Musoma aliniletea ujumbe wa muuguzi. Mke wangu Nyangeta, niliyekuwa nimempeleka hospitali kwa uzazi wake wa kwanza, uchungu ulikuwa umekwama, daktari anataka kumpasua, naye amekataa katakata kuguswa na kisu mpaka mama yake afike amshike mkono.

"Usikawie, ndugu," kondakta akaniambia. "Yule muuguzi hakuwa na uso wa utani."

Mwenyekiti wa kijiji akaniruhusu gari palepale. Tatizo likabaki kumpandisha mama mkwe. Kwetu mama mkwe humtazami usoni, humgusi, na maneno yenu hupita kwa mtu wa tatu, sembuse kukaa naye kiti cha mbele, bega kwa bega, mkirushwa na mashimo hadi Musoma! Ilibidi apande nyuma, chini ya turubai, asinione nisimwone.

Nikakimbilia stoo kwa mzee Magesa. Pikapu ile ilikuwa na mpira wake mweusi wa kutandika kwenye bodi, umekatwa matundu pale yanaposimama matao ya chuma ya kushikilia turubai, na pembeni umechongwa kupisha komeo la mlango wa nyuma. Ila jana yake ulikuwa umebeba ndama wanaoharisha.

"Tuuoshe tu," Magesa akasema. "Ndama wana shida gani? Sisi tunaoshaga kila siku."

"Mzee, nimkalishe mama mkwe kwenye mavi ya ndama?"

Pembeni palikuwa na plastiki nene ya buluu iliyobaki zahanati ilipotandikwa sakafu, safi, inang'aa kama sahani. Nikaichukua. (Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, kwa jina la heshima.) Nilipoitandika, ikaziba matundu ya bodi yanamosimikwa matao. Sikuwa na muda wa kuitoboa, na mali ya kijiji huitoboi ovyo, basi nikayaacha matao stoo, nikalivuta turubai juu ya kamba mbili. Upande wa nyuma plastiki ikawa nene mno, komeo likakataa kuingia, nikaufunga mlango kwa kamba ya katani, nikaivuta kwa mguu na kuamini kwamba imekaza.

Nyumbani kwa wakwe, shemeji yangu alimpandisha mama yake na kuku mmoja na unga wa wimbi wa uji wa mzazi, mimi nikiwa nimetazama rejeta. Tukakubaliana kupitia kwa shemeji kwamba akiwa na shida atagonga ukuta wa kabini. Tukaondoka.

Mvua ilitukamata karibu na njia panda ya Butiama, mvua ya kumwaga hasa, na turubai lisilo na matao likaanza kulegea na kushika maji katikati kama karai. Nikasikia mgongoni kwangu: ko, ko, ko! Nikasimama, nikashuka, nikageuzia uso porini, nikauliza hewani, "Kuna tatizo?" Angenijibuje? Barabarani hapakuwa na mtu wa kumtuma kati yetu, hata mchunga mbuzi. Nikiinua turubai nitamwona. Nikifunga macho niinue, nitamgusa. Na Nyangeta yuko kule, kila dakika ninayosimama ni yake. Nikarudi kwenye usukani. Kugonga kukaendelea, kwa hasira sasa, halafu kukakoma, na huko kukoma ndiko kulikonitoa jasho.

Tukaingia Musoma. Sokoni baiskeli ikanikatia mbele, nikakanyaga breki, nikasikia maji yote ya turubai yakimwagika ndani ya bodi. Nikaondoa gari kwa nguvu kupanda kilima, na hapo plastiki ya buluu, yenye maji juu, ikafanya kazi yake. Mama mkwe akateleza amekaa vilevile, kuku mkononi, akagonga mlango, katani ikakatika, akatua kwenye tope mbele ya wauza samaki.

Nikaruka nje. Nikamwona! Na mwili wangu, bila kuniuliza, ukageuka ukatazama ukuta wa duka.

"We dereva!" mama mmoja muuza sato akapiga kelele. "Unaongea na ukuta? Bibi yuko kwenye tope huku!"

"Muinueni, jamani! Mimi siwezi!"

"Hawezi! Kamwangusha, halafu hawezi!"

Kijana wa mgambo, kwa lafudhi mtu wa pwani, akanishika kola. "Twende kituoni, muuaji wewe."

"Ndugu, huyo ni mkwe wangu, mke wangu yuko hospitali—"

"Mkwe wako, ndiyo umpe mgongo?"

Yule muuza sato akaacha kelele ghafla, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwachie, wewe mtu wa minazi! Hapa mkwe haguswi! Mama, umeumia?"

Kwa mara ya kwanza nikaisikia vizuri sauti ya mama mkwe, kavu, haina kilio. "Nimelowa tu. Mwambieni huyo anifungulie mlango wa mbele. Mwanangu hawezi kungoja aibu yetu."

Wakamfunika turubai zima, kichwa hadi miguu, wakamkalisha kabini. Basi nikaendesha katikati ya Musoma na lundo la turubai pembeni yangu, watu wakitukimbilia nyuma wakishangilia, na ndani ya lundo mkwe wangu akiliamuru gari, maana mimi hakuweza kuniamuru: "Gari, kimbia. Gari, acha kuogopa madimbwi."

Aliingia wodini na tope lake. Nyangeta akaushika mkono ule mchafu, ndipo akasema sawa, na jioni tukapata mtoto wa kike.

Wazee walinitoza mbuzi wa kusafisha macho, nikamtoa bila kubisha. Tangu siku hiyo sitandiki kitu kwenye bodi kabla sijasimamisha matao na kulifunga komeo kwa mkono wangu, hata aliyepakia awe na haraka ya namna gani. Na kama hakuna mpira ila wa ndama, nauosha. Mama mkwe atanuka ndama, lakini atafika amekaa ndani ya gari.