Sindano, Shemeji na Diski za Kuonja

"Na usimtetee tena, dada. Nimeshasema, sirudi nyuma. Mumeo ndiye anayeiua hii kompyuta."

Dada yake Sindano wala hakuinua kichwa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya lile pazia lililochorwa maporomoko ya maji, akimenya chungwa taratibu kama vile anayesemwa ni mume wa jirani.

"Aiue ili apate nini?"

"Ili ife, mimi nifunge studio, yeye ahamie kwa Kipara, mwenye studio pale ng'ambo ya barabara. Jana nimewaona mlangoni wananong'ona. Waliponiona wakanyamaza. Watu wenye nia njema wananyamaza?"

"Labda walikuwa wamemaliza kuongea."

"Dada, usinichekeshe nikiwa na hasira."

Waliomwita Sindano hawakukosea. Mwili mwembamba, ulimi unachoma. Studio aliianzisha mwenyewe kwa picha za vitambulisho, na dada yake alipoolewa, shemeji akaingia, wakaanza kurekodi harusi na mahafali. Wana utaratibu wao. Kabla ya kumkabidhi mteja kazi, wanampa diski ya kuonja, ile ya aina inayofutwa na kuandikwa upya. Mteja anaitazama na ukoo mzima, kisha anarudi na lawama zake: shangazi katokea mno, bwana harusi kakatwa kichwa. Wanarekebisha, wanafuta, wanaandika tena, mpaka watu waridhike. Ndipo wanachoma, yaani wanaandika, diski ya mwisho isiyofutika.

Sasa sikia ugonjwa wenyewe. Ile isiyofutika inatoka vizuri tu. Ya kuonja, ukibonyeza kitufe cha kuitoa, kila kitu kinaganda. Kioo cha kompyuta kinageuka bluu, maandishi meupe yanatiririka, mashine inazima na kujiwasha yenyewe. Diski ukija kuipata haisomeki. Bibi harusi mmoja alibaki na sauti ya mshereheshaji tu, picha hakuna, akaja kufoka mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza.

Sindano alijaribu yote. Diski alizifuta kwa kitambaa cha miwani, akanunua za kampuni nyingine, akaita fundi akabadilisha waya. Wapi. Na diski za kuonja ni kazi ya nani? Ya shemeji. Hesabu ya Sindano ikaishia hapo.

"Leo isipopona, anakusanya vitu vyake," akasema.

Dada akaweka chungwa chini. "Haya. Umtoe mume wangu kwa kosa ambalo hujaliona. Lakini mlango wangu usiugonge tena, kaka. Siwezi kukupakulia chakula mezani kwa mtu uliyempaka matope."

Maneno hayo yalimwingia Sindano. Dada huyo ndiye aliyemlea.

Tena kulikuwa na jambo hajamwambia. Programu ya kuandikia diski aliiweka shemeji, na Sindano hakuiamini hata kidogo. Aliona kama inamfichia shemeji nakala za kazi zote pahali. Basi asubuhi moja akawahi kufungua, akaweka programu yake ya namna hiyohiyo, akakificha kialama chake kule pembeni ya saa ya kwenye kioo kisionekane. Hakumwambia mtu. Alijiona mjanja kweli.

Shemeji akaingia, kwapani kabana kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Kifaa cha kusomea diski," akasema. "Nimekiazima kwa Kipara. Jana nilimbembeleza pale mlangoni. Nilijua ningekuambia ungekikataa kabla hujakiona."

Dada akamtazama kaka yake. Kaka akatazama dari.

Wakakifunga kile kifaa kwenye kompyuta, wakatia diski ya kuonja, wakaandika dakika chache za mahafali. Sindano alisimama nyuma ya shemeji, macho kwenye vidole vyake, asije akabonyeza kitu.

"Mbona unanipumulia kisogoni? Njoo uitoe wewe," shemeji akasema, akampisha.

Sindano akabonyeza. Ikaganda. Bluu.

"Basi kifaa chetu hakina kosa," shemeji akasema.

Siku zote mashine ikijiwasha upya shemeji hutoka nje kupunga upepo. Safari hii alibaki, mikono kifuani. Vialama vikaanza kuamka kimoja kimoja pembeni ya saa, na kimoja kikachungulia kidogo kabla ya kujificha.

"Hicho cha kijani ni changu. Hicho cha njano cha nani?"

Sindano akajikuna shingo. "Nimekiweka mimi."

"Lini?"

"Kabla haijaanza kuugua," akajibu, na hapohapo akayasikia maneno yake mwenyewe.

Shemeji akagusa kioo pale kialama cha njano kilipojificha.

"Programu zote mbili zinaing'ang'ania diski ya kufutika," shemeji akasema polepole. "Ile nyingine hazina habari nayo. Ukiiambia itoke, yangu inaachia, yako bado imeshika. Mashine inachanganyikiwa. Na mimi nilidhani ni wewe unanifanyia visa ili niondoke."

"Nilifikiri yako inanificha kitu."

"Nifiche nini, shemeji? Harusi za watu?"

Dada alicheka mpaka akapaliwa na chungwa. "Itoke iliyoingia kwa kujificha," akasema alipopata pumzi.

Sindano akaiondoa programu yake kwa mkono wake. Wakawasha upya, wakaandika, akabonyeza. Trei ya diski ikatoka taratibu, kama mtoto anayekutolea ulimi. Akairudisha. Akabonyeza tena. Akaijaribu hiyo diski kwenye deki ya wateja, bado anatafuta kosa, bado anamwangalia shemeji kwa jicho la pembeni. Picha zikaja, safi.

"Kaa basi," akasema mwishowe, akimsogezea shemeji kiti. "Diski za kuonja ni zako. Na nikitaka kuweka kitu humu, nitakuambia."

"Na kifaa cha Kipara nitamrudishia mimi?"

"Nitampelekea mwenyewe."

Wewe unayesoma, kama kompyuta yako inakata roho kila ukitoa diski ya kufutika, acha kumnunia mwenzako. Inuka sasa hivi, angalia pale pembeni ya saa. Ukikuta programu mbili za kazi moja, toa moja. Kisha mwambie mwenzako umeitoa.