Safari Isiyo na Msiba

Mama yangu aliposema anataka kwenda Kilwa Kisiwani, kila aliyesikia aliuliza swali lilelile: nani amekufa?

Sikuwashangaa sana. Mama ni mtu mzima, mjane, ana presha na magoti yanayomsumbua, na safari zake zote duniani zilikuwa za aina tatu: msiba, harusi na hospitali. Kijijini Umwe alikwenda kuzika, Nyamisati alikwenda kuzika, Mloka alikwenda kumwangalia wifi yake aliyejeruhiwa na tembo shambani. Hakuna mahali alipopata kwenda kwa sababu tu moyo wake umependa. Kwa hiyo alipowajibu, "Hajafa mtu, nakwenda kutazama," walimwangalia kama mtu aliyeanza kupotelewa na akili.

Mimi ni binti yake wa pekee. Nashona nguo Kibiti, karibu na stendi, na tunaishi pamoja. Kisa cha Kilwa nilikuwa nakijua tangu mdogo.

Mama alizaliwa katika visiwa vya delta ya mto Rufiji, lakini yeye na mdogo wake wa kiume waliletwa Kibiti kwa shangazi yao ili wasome. Shuleni walifundishwa habari za Kilwa: masultani, dhahabu, msikiti mkubwa wa mawe wenye kuba nyingi. Mwalimu akawaahidi wanafunzi kwamba atawapeleka wakauone. Mama anasema alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kabla siku haijafika akavunja ungo, na shangazi akamweka ndani, mwali, kama ilivyokuwa desturi. Lori lilipoondoka na wenzake yeye alikuwa kwenye chumba chenye giza, amepakwa unga, anasikia nyimbo zao zikipotelea barabarani. Alipotoka ndani aliolewa. Shule ikaishia hapo.

Mdogo wake alikuwemo kwenye lile lori. Huyo ndiye mjomba wangu, ambaye leo ndiye msemaji wa ukoo.

Tulianza kujipanga baada ya mavuno ya korosho. Mimi niliulizia usafiri: basi la kusini hadi Nangurukuru, kisha gari la Kilwa Masoko, kibali ofisi ya mambo ya kale, halafu boti ya kuvuka. Dereva mmoja wa pale stendi aliniambia boti si shida, shida ni kupanda na kushuka, maana wakati mwingine maji yakitoka boti haifiki ufukweni, unateremka majini. Nilipomweleza mama nilidhani atasita. Aliomba tu nimsogezee matofali uani. Akayapanga yakawa kama ngazi, na kuanzia hapo kila asubuhi, baada ya kumeza dawa, akawa anapanda na kushuka huku ameshika nguzo ya jiko. Majirani walisimama kwenye ua wa makuti wakicheka.

"Bibi, unajiandaa na jeshi?" mmoja alimwuliza.

"Jeshi lingenikawiza," mama akasema, na akapanda tena.

Mjomba alikuja Ijumaa moja baada ya swala. Alimwamkia dada yake, akaketi, akanywa chai yote kabla ya kusema kilichomleta.

"Dada, nasikia unakwenda Kilwa."

"Umesikia vizuri."

"Kutafuta nini? Kule hakuna kitu. Mawe tu, na popo. Na watu wanasema kuna majini."

"Hayo mawe ndiyo ninayoyataka."

"Watu watasema mwanao anakutembeza ovyo. Mtu mzima hafanyi utalii. Utalii ni wa wazungu." Akanigeukia mimi. "Na wewe, badala ya kumtuliza mama yako, unamchochea. Akipatwa na jambo njiani utasema nini?"

Nilikuwa nimeinamia cherehani. Nilisema, "Nitasema alikuwa anakwenda anakotaka, mjomba."

Hakulipenda jibu hilo. Akamtazama mama na kusema polepole, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliuweka ungo chini.

"Mkuu ni nani hapa? Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni tukitoka delta, ukanikojolea njia nzima. Guu ni langu, na magoti ni yangu. Unasema kule hakuna kitu. Wewe umeona, ndiyo maana unaweza kusema hakuna kitu. Niache na mimi nikaone hicho 'hakuna kitu' chenyewe."

Mjomba aliondoka bila kumaliza tende alizotengewa.

Tulichagua Jumamosi. Wiki ileile ujumbe ukazunguka kwenye simu za ndugu wote: hitma ya babu na bibi wa ukoo itasomwa nyumbani kwa mjomba, Jumamosi hiyohiyo, na kila mtu ahudhurie. Hitma hiyo husomwa kila mwaka unapokaribia mwezi wa Ramadhani. Ramadhani ilikuwa bado mbali kabisa. Nilimsomea mama ule ujumbe, nikaona mikono yake inatulia juu ya magoti. Nilijua amepigwa mahali panapouma. Mama hajakosa hitma hata moja. Yeye ndiye anayepika, ndiye anayekumbuka majina ya marehemu ambayo wengine wameyasahau.

"Tunaweza kusogeza Kilwa," nilimwambia. Namwambia ukweli msomaji, nilitaka akatae, lakini ilinibidi nimpe nafasi.

Akaniomba nimpigie mjomba na niweke spika.

"Mdogo wangu," alisema, "hitma umeisogeza kwa nini?"

"Imeangukia tu hivyo, dada. Marehemu wanahitaji dua."

"Dua zao nawaombea kila siku, na wewe unajua. Marehemu hawana kalenda. Mwenye kalenda ni wewe."

"Kwa hiyo unawakimbia wazee wako uende kutazama magofu?"

"Kisomo kina baraka, someni, na Mungu awapokelee. Pilau atapika mkeo, anajua. Mimi Jumamosi sipo."

Alinirudishia simu akaenda uani. Nilimkuta juu ya matofali, machozi yanamtoka, anapanda na kushuka. Nilirudi ndani nikachemsha mayai ya safari.

Ndugu wawili walimpigia simu kumsihi, na wa tatu alimwambia kwamba laana ya ukoo si mchezo. Mama aliwasikiliza wote kwa adabu, akawaombea heri, na hakubadili neno. Mimi niliambiwa mengi zaidi, kwa sababu mimi ni mdogo kwao na ninaweza kutukanwa. Nilikuwa nimeshaamua. Nimeona wanawake wengi wa kwetu wakizeeka huku wakisubiri ruhusa ya watu ambao wenyewe hawakuomba ruhusa ya mtu. Sikutaka kumzika mama yangu akiwa mmoja wao.

Jumamosi tuliondoka. Mama alivaa kanga mpya na viatu vya raba nilivyomnunulia, akakaa dirishani. Tulipovuka daraja la Rufiji aliutazama mto akitabasamu kidogo.

Kule Kilwa Masoko tulipata kibali na kijana wa kutuongoza, tukavuka na boti ya injini. Kweli maji yalikuwa yametoka. Baharia akainama, akamwambia, "Mama, panda mgongoni nikubebe."

"Asante, mwanangu. Mimi ni mtu wa mikokoni. Maji hayajawahi kunishinda."

Akapandisha kanga yake, akashika ukingo wa boti, akashusha mguu mmoja, kisha wa pili. Akasimama majini ameshikilia bega langu, anahema, halafu akaanza kutembea.

Msikiti ulikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiria. Sehemu nyingine kuba zimeanguka na jua linaingia moja kwa moja, sehemu nyingine bado zimesimama, na chini yake pana ubaridi. Kiongozi wetu alianza kueleza habari za masultani. Mama akamgusa mkono.

"Subiri kidogo, mwanangu. Acha kwanza nitazame."

Alitembea peke yake kati ya nguzo, akiweka kiganja kwenye mawe. Kijana na mimi tulibaki nyuma. Aliporudi aliuliza swali moja tu.

"Wanawake walikuwa wanaswali wapi?"

Kijana akafikiri. "Hilo, mama, kwa kweli silijui."

"Basi leo nitachagua mwenyewe."

Aliniomba chupa ya maji, akatawadha kando, akatandika kanga yake ya pili katikati kabisa, chini ya kuba iliyosimama, akaelekea kwenye mihrabu. Nyumbani mama huswali ameketi kwenye kiti kwa ajili ya magoti. Siku ile alisimama, akarukuu, akasujudu. Rakaa mbili. Ilipofika ya pili hakuweza kuinuka peke yake, nikaenda nikamshika kwapani. Kijana alikuwa amevua kofia na kuinamisha kichwa. Hakutukataza.

Baadaye tulikaa kwenye jiwe tukala mayai. Nilimwuliza kama amechoka.

"Nimechoka sana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

Mjomba hajafika kwetu tangu siku hiyo. Tukikutana naye sokoni mama humsalimu kwanza, naye huitikia akitazama pembeni. Ndugu wengine wanasema inatupasa twende tukamwombe radhi, ili ukoo upoe. Nilimfikishia mama maneno hayo akiwa anakuna nazi, na hakuacha kukuna.

"Radhi ya nini? Mlango wangu uko wazi na chai ipo. Akitaka kununa, anunie kwake."