Kilima cha Mwami Hakina Maji

Mjukuu wangu, nasikia wamekuweka kwenye komite ya kutafuta mahali pa mkutano. Kaa kwanza, maana ipo siku moja naikumbuka na mpaka leo hasira hainiishi.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa nimeolewa huku Mushaki, na mimba ya baba yako ilikuwa ya mwezi wa nane. Wakristo wa vilima vyote walitaka kukutana, na wazee wa kanisa wakachagua kilima ambako zamani mwami, mfalme wetu, alikuwa na makao yake. Eti ni mji wa heshima, mababu walifanyia huko mabaraza yao yote. Heshima gani? Juu hakuna tone la maji, chemchemi iko chini bondeni, na msimu wa mvua njia yote ni utelezi. Na kwetu maji ya wageni ni kazi ya wanawake, hasa sisi tuliotoka kuolewa.

Mama mkwe wangu alikuwa mpole, lakini siku ile alisimama kanisani, akamgeukia baba mzee aliyeongoza komite ya mkutano.

"Papa, maji njo itatoka wapi?"

"Wamama watapandisha," mzee wa komite akajibu. "Ni siku tatu tu."

Siku tatu tu! Mtu ambaye hajawahi kubeba mtungi. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mama mkwe akanishika bega. "Huyu mutoto iko na mimba. Nani kati yenu alimuuliza? Bon. Kesho kila papa mwenye alichagua ile kilima apandishe mutungi moja. Akifika juu, tutapika."

Wakacheka. Sisi wanawake hatukucheka, wala hatukutoka kanisani mpaka wakakubali. Kesho yake wakashuka chemchemini, sisi wanawake tukiwatazama kando ya njia. Katikati ya kupanda, mzee yule akateleza, mtungi ukapasuka, akabaki ameketi matopeni akinitazama.

"Huyu mutoto angetufia hapa," akasema.

Mkutano ukafanyika Mushaki, kando ya barabara, karibu na maji. Lakini kinachoniuma, mjukuu wangu, ni kwamba neno la mwanamke lilingoja mpaka mwanamume aanguke.

Basi usichague mahali kwa ajili ya jina lake. Shuka kwanza mpaka kwenye maji, muulize atakayeyabeba, na umsikilize kabla mtu hajaumia. Mungu akupe masikio, na miguu yako aishike njiani.