Kupunga Upepo Ndani ya Gari

Sisi Wahindi wa Tanga tuna namna yetu ya kwenda matembezini: hatutembei. Jumapili jioni, enzi hizo, baba aliosha gari, mama akakaanga mihogo, sisi watoto tukajazana kiti cha nyuma, tukaenda mpaka ufukweni na kuegesha pua ya gari ikitazama maji. Tulikula humohumo. Hakuna aliyeshuka ila mtoto aliyebanwa na mkojo. Baada ya saa moja baba alisema, "Haya, tumepunga upepo," akawasha injini, tukarudi nyumbani.

Desturi hiyo nimehama nayo mpaka London na hakuna aliyeitoza ushuru. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, mimi na mke wangu hutoka mtaani kwetu Stanmore kwa gari, nusu saa na ushee, mpaka kwenye bonde moja lenye kijito chembamba na mashamba pande zote. Kando ya barabara pametengwa mahali pa kuegesha magari, na hapo nimeegesha miaka kumi na tisa. Upepo wa nchi hii hauhitaji kufuatwa, huja wenyewe mpaka chumbani, lakini nani anaacha desturi kwa sababu tu haina maana?

Mwanzoni nilidhani ni sisi peke yetu. Kumbe Waingereza wa rika letu hufanya vivyo hivyo. Utakuta magari manne matano yamejipanga, vioo juu, kila moja lina bibi na babu, chupa ya chai na gazeti. Kwa miaka yote hiyo hatujawahi kusemezana. Nikifika huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, nao huinua kimoja. Kwa vipimo vya huku huo ni urafiki wa kufa na kuzikana.

Walio wadogo kwetu hushuka. Hao huja na fimbo mbilimbili, utadhani milima ya Usambara imewafuata hapa, na suruali zenye mifuko mpaka magotini. Huingia kwenye tope kwa furaha, kisha hurudi kusimama karibu na gari langu wakikwangua viatu.

"Watu wazima na akili zao," nilimwambia mke wangu siku moja. "Wananunua viatu wakakanyage matope. Sisi tulinunua viatu tusiyakanyage."

Mke wangu alikuwa anatazama upande wa kijito.

Mwaka huu, mwezi wa tatu ulipoingia, nilikuwa na siri. Huku ukishatimiza miaka sabini, leseni ya kuendesha unaiomba upya kila baada ya miaka mitatu. Hakuna anayekuja kukupima. Wanakuletea fomu inayokuuliza wewe mwenyewe kama unaona, nawe unajibu kwa kalamu yako. Kipimo ni kusoma namba ya gari lililo mita ishirini mbele yako. Nilikuwa nimejipima mlangoni kwetu. Namba ya gari la jirani niliisoma bila shida, kwa kuwa nimeikariri. Ya gari la nyumba ya pili ilikuwa moshi mtupu.

Ningejibu kweli, ndiyo basi. Katika jumuiya yetu mwanamume aliyeacha kuendesha huzungumzwa kwa sauti ya msibani. "Maskini, yule ameacha gari," watasema, kisha wote watanyamaza kidogo. Ndiyo maana kwenye maegesho ya hekalu utawakuta wazee wenzangu wakiegesha kwa kugusa: hurudi nyuma taratibu mpaka ukuta uwaambie inatosha. Lakini mbali na hiyo heshima ya kijinga, lililoniuma ni Jumapili zetu. Watoto wangelichukua gari, na mimi na mama yao tungekuwa watu wa kuletwa na kurudishwa, tena kwa saa za watoto. Nikaichomeka fomu kwenye droo ya gari, nikaendelea kuendesha. Leo nayasema haya kwa aibu. Wakati ule aibu hiyo sikuwa nayo.

Na mke wangu njia nzima alikuwa anasema. Hakuwa msemaji maisha yake yote, ila mwaka ule wangu wa mwisho wa kuendesha alikuwa amefunguka ghafla. "Taa nyekundu hiyo, mzee, inachukua muda leo." "Baiskeli kushoto, maskini, na baridi hii." "Roundabout hiyo, mwachie kwanza huyu wa basi." Tukiwa wawili husema Kiswahili. Tulianza watoto walipokuwa wadogo, kwa sababu Kigujarati walikielewa na Kiingereza ndicho chao, kwa hiyo Kiswahili kikabaki lugha yetu ya ugomvi na ya kusengenya wageni walioketi sebuleni. Mara nyingi nilimwambia, "Mama, na mimi nina macho." Alisema, "Najua," akaendelea.

Jumapili ya kwanza ya Machi bonde lilikuwa limeanza kuamka. Jua lilikuwepo, japo la kuangalia tu, halikumpasha mtu moto. Miti ilikuwa bado mitupu, lakini chini yake palikuwa na ukungu mdogo wa kijani. Kando ya mtaro niliona mstari wa manjano, ama maua, ama jaketi za mafundi wa barabara. Sikutaka kuuchunguza sana. Na ng'ambo ya kijito, kwenye mteremko, kondoo weupe wanono walikuwa wamesimama kando ya ua wa miti.

"Tazama kondoo hao," nilisema. "Nchi inayojua kufuga utaiona tu."

"Mm," alisema mke wangu, akanipa kachori.

Jumapili ya pili walikuwa palepale. Niliona wamezidi kunenepa. Niliusifu utaratibu wao: hawasukumani, hawalii, hawatoki kwenye mstari. "Hata kondoo wa Kiingereza wanajua kupanga foleni," nilisema, na nilijisikia nimesema jambo la maana sana. Mke wangu alikohoa. Nilidhani ni pilipili.

Jumapili ya tatu, mama mmoja wa Kizungu mwenye fimbo zake mbili alisimama karibu na mlango wa gari langu akikwangua viatu. Nikashusha kioo. Sijui nini kilinipata, miaka kumi na tisa sikuwahi kumsemesha mtu pale. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha siku za sikukuu kwamba kondoo wa bonde hili wana nidhamu ya ajabu.

Aliutazama mteremko, akanitazama mimi, akautazama tena mteremko.

"Kondoo wapi hao?" aliuliza.

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Ah," alisema, kwa ule upole wa Kiingereza unaomchinja mtu bila damu kutoka. "Yale ni marobota ya majani. Yamefungwa plastiki nyeupe. Ni chakula cha ng'ombe wakati wa baridi." Akanitakia jioni njema, akaenda zake na kiatu kimoja bado kichafu.

Nikapandisha kioo. Nikamgeukia mke wangu.

"Ulijua?" niliuliza.

"Tangu Jumapili ya kwanza."

"Na hukusema."

"Ulikuwa umefurahi, mzee."

Nilipandwa na hasira ya mtu aliyefumaniwa. Nikamwambia amenigeuza kichekesho, amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa wiki tatu nzima, kisha nikaingiza na mambo ya zamani ya mama yake na harusi ya dada yangu, ambayo hayakuhusiana kabisa na marobota. Nikamalizia kwa kusema, "Na kelele zako za njiani nimezichoka. Leo nyamaza."

Nikawasha gari. Akanyamaza.

Barabara ya kutoka bondeni ni nyembamba, ina ua mrefu wa miti kila upande, na saa kumi jua huja usoni moja kwa moja. Nilikuwa nimeipita mamia ya mara. Siku ile sikuijua. Ilikuwa kijivu, ikawa kijani, ikawa mwanga mtupu. Nikangoja mke wangu aseme. Hakusema. Nikapunguza mwendo nikangoja tena, na hapo ndipo nilipoelewa ni nani aliyekuwa akiliendesha gari lile mwaka mzima.

Nilikanyaga breki. Sikuwa nimeona kitu; nilikanyaga kwa sababu sikuwa naona. Gari liliposimama, kile nilichodhani ni tawi kiliinamisha kichwa kikatuchungulia kwenye kioo cha mbele. Alikuwa farasi. Kifua chake kilikuwa karibu kugusa boneti, na juu yake alikaa mwanamke mwenye kofia ngumu na jaketi la manjano la kung'aa, lile la kumwezesha hata kipofu amwone.

Mwanamke aliinua mkono. "Asante sana kwa kusimama," alisema, kwa sababu wapanda farasi wa huku humshukuru kila dereva anayepunguza mwendo. Akampitisha farasi wake pembeni taratibu, akaenda. Nimefanya biashara ya duka miaka arobaini na nimeshukuriwa kwa mengi nisiyostahili, lakini asante ile iliyazidi yote.

Mke wangu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Hata pale hakusema neno. Nilikuwa nimemwambia anyamaze, naye aliogopa akanyamaza, na mimi nilikuwa nusura nimuue yeye na yule mwanamke ili wazee wa hekaluni wasinionee huruma. Nikazima injini.

"Sioni," nilisema. "Sioni, mama. Nikitazama kitu, katikati yake pamefutika."

"Najua."

"Mbona hukuniambia niache?"

"Ungeacha?"

Nikashusha mikono kutoka kwenye usukani.

"Na mimi nilizitaka Jumapili," alisema, na sauti yake ikakatika. "Usijitwike peke yako. Tumekosea wawili." Kisha akajifuta uso kwa ncha ya sari, akafungua mlango wake. "Haya, toka hapo."

Lazima nieleze kwamba mke wangu ana leseni. Tanga aliendesha pikapu ya duka, na huku pia aliendesha, mpaka nilipoanza kumfundisha. Nilimfundisha kila kona na kila gia, kwenda na kurudi, mpaka siku moja alinipa ufunguo bila kusema kitu na hakuuomba tena. Nikawatangazia ndugu wote kwamba wanawake hawazipendi barabara za huku. Jina lake lilibaki kwenye bima kwa sababu tu mwanetu alishikilia libaki.

Alivuta kiti mbele. Alirekebisha vioo, kimoja baada ya kingine, bila haraka, nyuma yetu magari matatu yakisubiri kwa adabu.

"Ukisema neno moja mpaka Stanmore," aliniambia, "nakushusha."

Nilijikaza kisabuni. Aliendesha polepole, lakini hakukosea hata mahali pamoja, na hilo nalo nililimeza.

Daktari wa macho alisema si mtoto wa jicho, ambaye hutolewa mtu akarudi kuona. Ni kitu cha nyuma ya jicho, na kazi iliyobaki ni kukizuia kisikimbie. Nikairudisha leseni. Mwanangu alipiga simu, akanipongeza kwa kuwa "very responsible," yaani mtu anayewajibika, nami nikamkubalia, maana sifa sikuwa nazo nyingi wiki ile. Nilimwomba tu asiwaambie watu wa hekaluni. Walikuwa wamekwisha kujua. Jumapili asubuhi wazee watatu walinishika bega kwa zamu, wakaniuliza habari kwa sauti ya msibani, kisha wakaenda kwenye magari yao na nikawasikia wakiutafuta ukuta.

Jumapili hiyohiyo mchana mke wangu alichukua ufunguo. Nilikaa upande wake wa zamani, nikiwa na kapu la vyakula mapajani, nimefunga mdomo kwa mujibu wa masharti. Tuliingia bondeni. Nikainua kidole kuwasalimu wale wa kwenye magari, lakini gari letu halikupunguza mwendo.

"Umepitiliza," nilisema.

"Najua."

"Maegesho yetu ni yale pale nyuma."

"Sijawahi kupapenda pale," alisema mke wangu.

Aliendelea mpaka kwenye daraja dogo nisilolijua, akaegesha mahali palipokuwa na lango la mbao, akazima injini. Nikaanza kufungua kapu. Yeye akashuka, akazunguka upande wangu, akafungua mlango. Hewa baridi ikaingia na harufu ya ardhi mbichi na sauti ya maji, ambayo kwa miaka yote hiyo, vioo vikiwa juu, sikuwahi kuisikia.

"Shuka," alisema.

"Tukafanye nini?"

"Tutembee."

Tukatembea. Tope lilipita juu ya viatu vyangu kabla ya hatua kumi. Alinishika mkono wa koti akanitajia kila alichokiona, majani mapya ya mti fulani, ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano, kitoto cha kondoo kimelala mgongoni mwa mama yake, na alisema haraka haraka, bila kupumzika, wala hapakuwa na taa wala basi lolote ambalo alihitaji kunionya. Nilimsikiliza nikajua kwamba huyu mtu alikuwa ameyatamani haya kwa muda mrefu.

"Miaka kumi na tisa, mama," nilisema. "Mbona hukusema unataka kushuka?"

Alisimama. Nilimtazama usoni, na palipokuwa na uso pakafutika, kwa hiyo sikuona alivyoniangalia.

"Hukuniuliza," alisema, bila hasira.

Mbele yetu palikuwa na ngazi ya mbao ya kuvukia ua. Aliuweka mkono wangu kwenye nguzo yake.

"Inua mguu," alisema. "Bado. Juu zaidi."